Feni ya Nyuma ya Kiti

Dada yangu mpenzi,

Hili sijamwambia mtu: Shangazi akisinzia sebuleni, namwashia feni ya nyuma ya kiti. Upepo ukimgusa shavuni, mshipa wa uso unamchoma kama umeme. Ninaizima kabla hajafumbua macho.

Mapazia mapya yamefika, ya kijani. Juzi jirani alisema yanafanana na sare yangu ya shule. Shangazi akamjibu, "Afadhali pazia, linaziba dirisha. Huyu kamaliza shule, anaziba njia tu." Wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Jirani alipoondoka na Shangazi akasinzia, niliwasha feni. Aliamka ameshika shavu, machozi yanamtiririka, hawezi kusema neno. Nilimshika mkono mpaka maumivu yakapungua. Akaninong'oneza, "Ahsante, mwanangu." Akiwa hana maumivu hajawahi kuniita hivyo.

Sasa anaamini dawa yake ya mshipa imeshindwa. Daktari alishatuonya isiongezwe, kwa sababu sukari imemharibia figo; dawa haitoki mwilini upesi, inaweza kumlewesha hadi aanguke. Leo asubuhi kameza vidonge viwili badala ya kimoja, na anatembea akishika ukuta.

"Usimwambie daktari, mwanangu," alisema. Nikamwahidi.

Leo sijawasha. Lakini jirani amekuja tena, nawasikia wanacheka, na nimesikia jina langu.

Mama asijue, dada. Ukimaliza kusoma, ichane barua hii.

Mdogo wako