Jina la Kiliani Sikulitaja

Mapera,
S.L.P. 38,
Mbinga.
Jumapili ya Matawi, 23 Machi 1997

Mpendwa kaka Alphonce,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Scholastica na watoto, na kwamba lile goti limeacha kukusumbua kazini kwenye ngazi za gereza. Sisi huku tu wazima, tunamshukuru Mungu. Walburga wangu anakusalimu. Anasema umekaa huko Mwanza mpaka picha yako ukutani imeanza kufanana na mgeni. Mvua ni nzuri. Mimi nimenenepa katikati ya Kwaresima, jambo ambalo padre ameliona na mimi nimelikataa.

Barua yako ya Januari niliipata. Niliisoma mara moja nikaikunja, maana ilikuwa na sauti ya mtu anayegonga meza. Unataka mwanao Kiliani apelekwe polisi kwa ile kahawa aliyoiba, na nisipompeleka mimi, utampeleka mwenyewe ukija likizo Juni. Nitakujibu, lakini niache kwanza nikueleze nilikokuwa, kwa sababu mambo haya mawili yameshikana.

Nilikuwa Dar es Salaam, kaka, kwenye kongamano la wataalamu wanaotafiti uhalifu. Usicheke. Unamkumbuka Dokta Jacqueline, yule wa chuo kikuu aliyekuja mwaka jana kuuliza habari za wizi wa kahawa tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe? Mimi ndiye niliyemzungusha vilimani, nikijifanya nasimama kutazama mandhari kila nilipokosa pumzi. Akaona niende nikaeleze kwa maneno yangu jinsi tunavyoamua mambo huku. Nikaazima koti la Raimundi, mwalimu mwenzangu, ambaye ni mwembamba, kwa hiyo muda wote sikuweza kufunga kifungo wala kunyanyua mkono. Kwenye kibandiko cha kifuani wakaniandika "Dkt. Methodi". Sikukibandua. Mtu aliyezeekea darasa la nne, acha naye aonje.

Mle ukumbini mashine zilitoa baridi kuliko Mbinga ya mwezi wa saba. Watu walisoma mada, wakaonyesha michoro. Kuna kitu wanakiita uhalifu uliofichika, yaani ule usiofika polisi, na ilionekana wilaya yetu inao mwingi. Nikakaa nikiwaza: wizi wa Kiliani wanaujua mpaka watoto wa chekechea. Umefichika kwa nani?

Zamu yangu ilipofika niliwaeleza. Nilisema zamani kahawa yote ilipita chama cha ushirika, na karani alijua shamba la kila mtu. Sasa lori la mnunuzi linasimama mlangoni kwako, na kinachoulizwa ni uzito tu. Nikasema kijana mmoja wa ukoo wangu alikomba kahawa ya mjane kichanjani, akaijaza kwenye magunia, akaiuza kabla jua halijachwa. Hatukumpeleka polisi. Tulikaa sengu, baraza letu la ukoo. Wanaume wa ukoo tulikula chungu kimoja, naye akiwemo, maana kwetu mkosaji hahukumiwi akiwa na njaa. Kisha mjane akaitwa aseme anachotaka.

Unaujua ulimi wa Tadea. Alisema kahawa imekwenda na hela imeliwa, basi yeye anataka mteremko wake ulimwe ngolo Machi hii, na alime Kiliani peke yake, kazi ya mwanamume na kazi ya mwanamke. Ikanibidi niwafafanulie wale wataalamu kwamba ngolo ni mashimo yetu ya kilimani. Kwamba mwanamume hufyeka majani na kuyapanga miraba, halafu mwanamke ndiye huchimba na kufukia. Mwanamume kushika jembe la kuchimba ngolo mbele ya kijiji kizima, wengine wangeona afadhali kifungo.

Ukumbi ukacheka. Aliyecheka zaidi alikuwa afande mmoja mwenye nyota begani.

"Mwalimu," akasema, "hiyo ni adhabu au ni maigizo?"

"Afande, njoo Machi na jembe lako," nikamjibu. "Ukimaliza mteremko mmoja utatuambia wewe."

Hapo akaacha kucheka. Akasema wizi ni jinai, familia haina mamlaka ya kuusamehe, na akanitaka nitaje jina la kijana huyo palepale, sheria ichukue mkondo wake. Kaka, koti likanibana kama limekula njama naye. Nikasema jina silitaji. Akarudia. Nikamwambia, "Afande, hata ukiniweka ndani mimi, utakuwa umempata mwalimu mnene asiyejua kulima. Jina bado utakuwa huna." Wengine wakapiga makofi. Dokta Jacqueline akaangalia meza. Mwenyekiti akatangaza chai.

Usidhani nilirudi mshindi. Kwenye chai mama mmoja mtafiti alinisogelea, akaniuliza kwa upole: "Mwalimu, na kama mwizi angekuwa mpita njia, asiye na ukoo pale, naye mngempa chakula kwanza?" Nikamkumbuka yule kijana aliyepigwa kwa wizi mnadani mwaka juzi mpaka akapoteza jicho, na hadi leo hatujui kwao ni wapi. Chai ilipoa mkononi mwangu. Swali hilo nimelipeleka sengu, wazee wamelikasirikia, na nitalipeleka tena.

Sasa nakujibu wewe. Kiliani hatapelekwa polisi. Sitampeleka mimi, wala mtu yeyote wa nyumba hii. Wewe ni mkubwa wangu na nakuamkia kwa heshima zote, lakini kwa hili sikutii. Unasema amelitia doa jina la marehemu baba. Amelitia, sibishi. Lakini likizo yako iliyopita ulinieleza mwenyewe habari za vijana wanaoingia kwenu kwa kuiba kuku, na wanavyotoka. Ulinieleza umeinama, ugali hukuumaliza. Iweje mlango huo uwe mbaya kwa watoto wa wenzio, uwe mzuri kwa wako? Tena kwa mila yetu huyu ni mwanangu pia, na nusu yangu sijakupa ruhusa ya kuifunga.

Majani ameshayapanga mteremko wote, na kuchimba amefika nusu. Siku za mwanzo wanawake walikuwa wanapitia pale makusudi kwenda mtoni.

"Mama Kiliani, umejifungua lini?" wanamwuliza. "Jembe linashikwa hivi, dada yangu, usione haya."

Ikafika siku akatupa jembe, akaja kwangu. "Baba mdogo, nipeleke tu polisi." Nikamwambia kwanza akale. Akala, akarudi shambani. Sasa Bonifasia, mwenye mdomo kuliko wote, ndiye anayemwonyesha jinsi ya kugeuza udongo bila kuvunja mgongo. Mashimo yake yamenyooka kuliko yangu, ingawa hiyo si sifa kubwa.

Tadea hamsalimii. Anamwachia maji na viazi ukingoni mwa shamba, kisha anaondoka kabla kijana hajafika. Kama atamsamehe, sijui. Hakutuahidi, na hatukumwomba aahidi.

Kwa hiyo Juni njoo. Utafikia kwangu, na jioni tutakwenda sengu wote watatu, wewe, mimi na Kiliani. Ukiona lazima uende polisi, njia unaijua, inapita mbele ya nyumba yangu. Utanikuta nimesimama katikati, na kwa mwili huu kunipita pembeni si kazi ndogo.

Nisalimie shemeji Scholastica. Mwambie Walburga anamwekea mbegu za maharage. Nisalimie binti yetu Otilia, na umwambie asiache shule kwa ajili ya duka. Henry mdogo mpe mkono, akiupokea. Mungu awalinde huko ziwani, awape Pasaka yenye amani, na akulainishie moyo kabla hujakata tiketi.

Kiliani nilimwuliza kama nimwandikie salamu zake humu. Amekataa. Anasema atakuamkia mwenyewe, uso kwa uso. Kaka, akikuamkia, itikia.

Ni mimi mdogo wako, ninayekupenda hata pale ninapokukatalia,

Methodi