Siku Tatu za Ukungu Luang Prabang

Luang Prabang, 3 Novemba

Mwanangu Kop,

Hujambo huko Lyon? Baridi imeanza? Mimi sijambo, ila goti linanilalamikia nikipanda ngazi za hekalu. Masikio ndiyo hayo. Ukinipigia simu nasikia nyuki tu, ndiyo maana naandika. Mvua zimekatika. Vijana wanafunga upya daraja la mianzi kule mto Khan, na asubuhi ukungu unashuka mpaka mlangoni, huwezi kujua kama kuna mji.

Shangazi yako Bouachan anadai nimeanza kusahausahau, eti juzi nilimpikia chai mara mbili. Mwongo huyo, anapenda chai.

Njoo, hata siku mbili tatu. Miaka kumi na miwili ni mingi.

Baba yako

Lyon, 28 Novemba

Shikamoo Baba,

Mimi mzima, kazi tu ndizo zinanichosha. Sasa sikia: Januari natumwa Bangkok, na nimeomba siku tatu nije kwako! Usije uwanja wa ndege, nitafika mwenyewe.

Nataka unitembeze kama mtalii. Nimewasimulia watu wa huku habari za mji wetu mpaka nimeanza kujiuliza kama niliuona kweli au niliuota. Nimekata nywele, navaa miwani, na nimenenepa. Usinicheke.

Binti yako, Kop

Luang Prabang, 22 Januari

Mwanangu Kop,

U mzima? Nina wasiwasi, maana nilikungoja na hukutokea.

Ila sikukaa mpweke. Asubuhi ile ukungu ukiwa mzito, mama mmoja wa miwani alisimama langoni. Akapiga magoti, akaunganisha viganja, akaniita Baba. Nikamwambia, "Karibu, binti. Wageni wote huniita hivyo." Akalia. Nikajua ni uchovu wa safari.

Basi nikamtembeza. Tulikaa hekaluni mbele ya ule ukuta wenye mti wa vipande vya vioo, mpaka jua lilipopenya na mti wote ukawaka rangi. Tukala majani ya mtoni yaliyokaangwa na ufuta. Alikula kama mtu aliyetoka jela. Anaongea lahaja yetu! Nikamuuliza amejifunza wapi.

"Kwa baba yangu."

"Alikufundisha vizuri, ila unatamka kama umeshika barafu mdomoni."

Alicheka huyo! Darajani alinishika mkono, na chini maji hayakuonekana, ukungu mtupu, kama tunatembea hewani. Nikamsimulia ulivyotumbukia mtoni ukiwa mdogo. Kabla sijamaliza akasema, "Akatoka analia kama chura, mkamwita Kop, chura wenu." Amejuaje?

Siku ya tatu alinifunga uzi mweupe mkononi, akaniombea roho yangu isitangetange, akaenda. Nilisahau kumuuliza jina.

Shangazi yako alishinda jikoni akilia, akasingizia pilipili. Sasa anashikilia kwamba ulikuja. Nikamuuliza, "Nani anasahau hapa, mimi au wewe?"

Sina hasira nawe, mwanangu. Lakini ungekuja.

Baba yako

Lyon, 15 Februari

Shikamoo Baba,

Natumaini goti limetulia. Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa sakafuni.

Sijui nikuambie vipi, kwa hiyo nasema tu: yule mama wa miwani ni mimi. Nilikuja, Baba. Nilitaka kukuambia pale darajani, lakini ulikuwa unanisifia binti yako kwa furaha, nikashindwa kukukatiza. Sijawahi kutembezwa vile maishani.

Nimeacha kazi. Narudi mwezi wa nne, kabla ya mwaka mpya wa kwetu, na safari hii nakaa. Usijilazimishe kunikumbuka. Ukiniuliza jina nitakuambia, na kesho yake ukiniuliza tena nitakuambia tena.

Binti yako, Kop

Luang Prabang, 10 Machi

Kwa mama wa miwani,

Hujambo? Sisi hapa hatujambo, ukungu umeisha, sasa ni moshi wa mashamba na joto.

Binti yangu Kop ameniandikia kwamba unarudi, tena kukaa. Nimefurahi mno. Nyumba ya wageni ya nini? Chumba chake kipo, nimekifagia leo na kutandika chandarua. Lala humo. Namjua mwanangu, ana moyo mzuri, hatakasirika.

Njoo upesi.

Baba