Mtihani wa Kinanda wa Cornelia

Mbeya, 4 Mei 2024

Baba mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, na mama pia. Mimi ni mzima, ila moyo si mzima.

Juzi tulifanya mtihani wa vitendo wa kinanda. Madam Tuntufye aliniwekea karatasi ya noti nisiyoijua. Nilikosea, nikasimama, nikaanza upya. Nikakosea tena. Mara ya nne akasema, "Inatosha, Cornelia." Wenzangu walikuwa dirishani wanacheka. Nimepata thelathini na nne.

Tarehe 15 Agosti narudia. Nikishindwa, jina langu linatolewa kwenye somo la muziki kabla ya mtihani wa taifa. Baba, niruhusu niache mwenyewe kabla sijaaibika tena.

Binti yako,
Cornelia

Kasense, 13 Mei 2024

Mwanangu Cornelia,

Milele amina. Marahaba. Sisi hatujambo, mahindi yanakauka vizuri.

Sikuruhusu.

Unajua noti sizijui, kinanda cha kanisa letu la kigango nakipiga kwa masikio tu. Siku ya jubilei nilipotea katikati ya wimbo wa Utukufu, askofu yuko mbele yangu. Kwaya haikunisubiri. Nikabaki na kidole kimoja kwenye besi, nikawafuata mpaka nikawapata. Hakuna aliyenifukuza. Wewe ukikosea, usisimame, nenda na wimbo tu.

Mambo ya noti, mfuate Madam. Usimwonee haya.

Baba yako

Mbeya, 17 Agosti 2024

Baba,

Tumsifu Yesu Kristo! Shikamoo! Habari za afya nitauliza mwishoni, nisamehe.

Nilimfuata Madam. Tangu Mei amekuwa akinifungulia chumba kila siku baada ya chakula cha mchana. Juzi akaweka karatasi mpya. Kwenye mstari wa pili, mkono wa kushoto ukapotea kabisa. Nikauacha, wa kulia ukaendelea, kwenye mstari wa tatu nikaurudisha. Nikapiga mpaka mwisho.

Madam akasema, "Nilikuwa nasubiri usimame. Nani kakufundisha kutosimama?"

"Baba yangu, yuko Kasense."

"Mwambie na yeye kafaulu."

Sabini na nane, baba! Katika sisi saba tuliorudia, mimi ndiye wa kwanza. Jina langu limebaki.

Mama anaendeleaje na mgongo?

Binti yako,
Cornelia

Kasense, 26 Agosti 2024

Mwanangu,

Milele amina, na marahaba mara mia. Mgongo wa mama yako umepona leo hii, utaona.

Barua ilitukuta tunapura ulezi. Nilipofika kwenye maksi, mama yako alitupa ungo, akapiga vigelegele mpaka wanawake wa shamba la jirani wakaja mbio, wakidhani dada yako Agnesi amejifungua. Agnesi mwenyewe alikuwa amekaa pale na tumbo lake, anacheka.

Wakataka nisome upya tangu salamu. Nikasoma. Wakataka tena pale pa sabini na nane. Mara ya tatu sauti yangu ikagoma, mwanangu, Agnesi akanipokonya karatasi akamalizia yeye.

Baba yako