Mumeo Yuko Wapi, Kipa?

Split, Jumanne

Kaka yangu Roko,

Anayekusalimu ni mdogo wako Toma, mtangazaji ambaye akifungua kinywa, samaki wa Dalmatia nzima huacha kuogelea wakamsikiliza. Usicheke. Siku hizi hata wazee wanaocheza karata bandarini huinuka nikipita, na mmoja kanipa kiti chake, ingawa kilikuwa kimelowa. Wewe je, hujambo? Unakula huko Bremen, au unaishi kwa kahawa na moshi wa kuchomelea vyuma? Huku tu wazima. Goti la Mama limetulia, mdomo bado. Simu umeizima tangu Jumamosi, ndiyo maana mimi, niliyeiacha shule kabla haijaniacha, nimekaa chini kuandika barua kama mchumba wa zamani.

Mechi yetu ya mpira wa majini uliisikia redioni, kwa hiyo sirudii, ila ujue nilitangaza vizuri kuliko walivyocheza. Usiyoyajua ni ya nyuma yake. Ijumaa, Lovre, kipa wetu, alinivuta kando ya bwawa akaniambia kuna gazeti la udaku limepata picha yake akiwa amekumbatiana na mwanamume, na litaitoa Jumapili. Alisema kujulikana hakumtishi. Asichokubali ni kusemewa. Alitaka aseme mwenyewe, hewani, mara baada ya mechi, na kipaza sauti nishike mimi, maana wengine wangeanza kukohoa. Nikamwambia kachagua vyema, aibu yangu yote haijazi kijiko.

Nilipomdokezea bosi, mzee Zdeslav, uso ulimgeuka rangi ya jibini. Akasema redio yake ni ya michezo. Niulize mabao, ya chumbani yabaki chumbani. Nikamuuliza mbona harusi ya nahodha tuliizungumzia nusu saa nzima, mpaka gauni la bibi harusi na ladha ya keki. Akajibu kwamba ile ilikuwa habari ya michezo. Nikamwambia na hii ni ya michezo vilevile, imekosa keki tu. Akanitimua ofisini, lakini kazini hakunitimua.

Basi Jumamosi, mashabiki wa wageni, ambao uvumi ulishawafikia, kila Lovre akigusa mpira walimwimbia, Kipa, mumeo yuko wapi? Akadaka penalti ya mwisho kwa mkono mmoja kama anayechuma tini. Tukashinda. Akaja kwangu maji yanamchuruzika, akasema yale uliyoyasikia: kwamba jioni nzima wanamuuliza mumewe yuko wapi, mume hana, ila yupo mwanamume anayempenda. Halafu redio ikawa kimya.

Kimya hicho, kaka, kiliamsha mji. Wote walijua Zdeslav kakata matangazo. Jumapili watu walijaa mbele ya redio, bibi wa sokoni wakipiga masufuria, vijana wamejibandika plasta midomoni. Niliwaona hata wale waliokuwa wakimzomea Lovre msimu uliopita. Mmoja alisema kumzomea ni haki yake, lakini kwanza amsikie. Gazeti lilitoka na picha yake, likaishia kufungia dagaa, kwa kuwa habari ilishatoka kwa mwenyewe. Mimi nilibebwa mabegani. Nikahutubia juu ya uhuru wa kusema, mpaka nikajiliza. Zdeslav alisimama dirishani akiapa kwa mama yake kwamba hakukata kitu, na hakuna aliyemwamini.

Sasa sogea karibu, Roko.

Zdeslav hakukata. Kupitia kisikizi nilichovaa sikioni, kwa sauti ya mtu mwenye mafua, alikuwa ameniambia nimwache Lovre aseme. Unaijua desturi yetu, tukishinda kocha hutupwa majini. Walipomtupa, Lovre akiwa bado anasema, nami nikataka nionekane. Nikaruka, kipaza sauti mkononi. Hakuna aliyenisukuma. Lovre hakujua kwamba kimekufa. Alipiga magoti ukingoni akaendelea kukiongelesha. Alisema jina la huyo mwanamume ni Roko, anachomelea meli Bremen, na kwamba Roko huyo alimwahidi kuwa siku atakapotajwa mbele ya watu bila kificho, atarudi nyumbani. Kisha akasema, Roko, nimekutaja.

Nilisikia mimi tu, tena masikio yamejaa maji. Yeye anadhani ulisikia ukanyamaza. Wewe, najua, unadhani jina lako kalimeza. Kesho mchana nitamsafisha Zdeslav hewani, anifukuze akitaka. Lovre sijamwambia, ana mikono mirefu ya kipa, ngumi yake itanifikia popote. Mama nilimwambia jana. Alinizaba kofi moja kwa ajili ya kipaza sauti, kisha akaenda kwa jirani kuazima kitanda kipana, akaniambia nisiulize.

Washa simu. Wasalimu wenzako wa karakana, na Mama anakuambia uje na njaa.

Ni mimi nduguyo, niliyeruka mwenyewe,

Toma