Kijia Kilichogeuka Ukuta

Dandora, Jumapili baada ya kanisa

Mjukuu wangu Nafula,

Sisi wazima, babu yako bado anabishana na redio. Nimesoma habari za hilo neno lako la Kilatini, limes. Unasema mwanzo lilikuwa kijia tu kati ya mashamba, kisha Warumi wakauita hivyo mpaka wao wa ngome na minara. Unauliza, kijia kinageukaje ngome?

Mimi nilijenga moja. Tulipohamia hapa, kijia kilitutenganisha na jirani yetu, Mama Mutua. Muthokoi wake wa mahindi yaliyokobolewa ulikuja kwangu, mboga yangu ya mrenda ikaenda kwake. Siku moja kuku wake wakamaliza sukuma wiki yangu shambani. Nikaweka seng'enge. Akaweka mabati. Nikajenga ukuta wa mawe, nikapanda vipande vya chupa juu. Wala hakuna adui aliyekuwa anakuja.

Juzi nilimsikia akikohoa upande wa pili. Nikampelekea uji, lakini kwa kuzunguka hadi barabarani, ulifika umepoa.

Kesho fundi anakuja kutoboa ukuta. Ameniuliza tundu liwe kubwa kiasi gani. Nimempa bakuli apimie.

Nyanya yako