Nimeletewa Bastola Niijaribu Nyumbani, Je Niinunue?

Mshauri wangu mpendwa, pokea salamu zangu nyingi, mimi ni msomaji wako wa siku nyingi ingawa mara nyingi binti yangu ndiye hunisomea maneno yakiwa marefu, leo nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe kwa sababu jambo hili linamhusu yeye pia, na naomba unisaidie kabla Jumapili haijafika.

Mimi ni mama wa watoto wawili, shule niliishia darasa la nne lakini biashara naijua, nina duka dogo la vyombo vilivyotumika, feni, pasi, redio, majiko ya umeme, na nyuma ya duka ndiko tunakoishi. Nina sheria yangu moja na ndiyo inayonilisha, sinunui chombo cha mtu mpaka kikae kwangu wiki nzima. Chombo kilichotumika ni kama mkwe, siku ya kwanza kinatabasamu tu. Feni itazunguka vizuri mbele ya mwenyewe, ukishamlipa akakata kona inaanza kukohoa. Kwa hiyo nakiweka ndani, tunaishi nacho, kisha binti yangu wa mwisho anakifungua kukitazama tumbo. Huyo tunamwita Bisibisi, ana miaka kumi na sita, na hakuna chombo kilichowahi kuuzwa dukani kwangu kabla yeye hajakifungua na kukifunga tena. Najisifu kidogo, nisamehe, mwana wa kuku hafundishwi kuchakura.

Sasa nikueleze kilichonipata. Mwezi uliopita mchana kweupe aliingia kijana amevaa shati safi, akaniomba nimwashie pasi aone kama inapata moto, nami nikainama kuichomeka, kuinuka nikakuta kisu kiko hapa, mshauri, hapa chini ya sikio. Alichukua simu yangu na ile pasi yenyewe ikiwa bado ya moto, ameishika kwa waya inaning'inia, akaniambia "Asante mama" akatoka anatembea. Hakukimbia! Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba hakuona hata sababu ya kukimbia. Tangu hapo mteja akiniambia washa tuone, mikono yangu inatetemeka, namwambia washa mwenyewe baba, mimi mgongo unaniuma, na mgongo wangu hauna neno.

Jirani yetu mmoja tunamwita Kamanda, alikuwa mlinzi wa benki miaka mingi na sasa amestaafu, feni yake na redio yake nilizinunua mimi. Aliposikia habari ya kisu akaja dukani, akafunua kitambaa juu ya kaunta, bastola. Ile ya kisasa inayojipakia risasi yenyewe, imetumika lakini inang'aa. Nikamuuliza swali ninalomuuliza kila mtu.

"Kamanda, unaiuza kwa nini?"

"Nahamia kwa binti yangu. Amesema baba karibu, ila hilo chuma lisivuke kizingiti changu."

"Kwani bovu?"

"Bovu? Zima mno, mama."

"Na kibali?"

"Changu ninacho. Chako tutakifuatilia mbele ya safari."

Nikamwambia sawa, lakini sheria yangu unaijua, ikae kwangu wiki. Kamanda akacheka mpaka akashika kaunta. "Mama Bisibisi, hii siyo friji!" Nikamwambia wenye friji pia walicheka. Basi akachomoa magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, akakitia mfukoni mwake, akaniambia sasa hili ni chuma kitupu, hata mtoto anaweza kulilalia. Akaniachia. Nikaiweka ndani ya sufuria kubwa juu ya kabati la chumbani, nikafunika.

Mume wangu ni dereva wa lori la mizigo, yuko safarini. Jioni alipopiga simu nilimwambia kuna chombo nimekileta kwa majaribio, akaniuliza, "Kinakula umeme?" Nikamwambia hakili. Akasema, "Basi hicho kizuri," tukaagana. Sikudanganya, mshauri, lakini mbona moyo wangu ulinipiga kama nimedanganya?

Nikuambie kweli, sikukesha kwa woga kama nilivyodhani, nilikesha nikijiuliza. Uzito wake ni kama pasi ndogo ya kusafiria. Inanukia mafuta ya cherehani. Asubuhi ni baridi kuliko vyombo vingine vyote mle ndani, sijui kwa nini. Halafu nikajiuliza, feni iliyotumika najua ilitumika kupuliza watu, pasi iliyotumika ilinyoosha nguo, sasa bastola iliyotumika imetumika kufanya nini? Nilimuuliza Kamanda akasema, "Kukaa kiunoni tu, mama." Miaka yote hiyo kiunoni tu? Basi kama kazi yake ni kukaa, nitajuaje kwamba inafanya kazi?

Juzi niliitoa nikasimama mbele ya kioo cha kabati nikainyoosha, nijione nafananaje, nikasema kwa sauti nzito, "Rudisha pasi yangu!" Nikacheka mwenyewe, kisha nikaona haya, nikairudisha kwenye sufuria.

Shida ni kwamba Bisibisi alinisikia. Akaingia, akapanda kiti, akafunua sufuria.

"Mama! Hiki ndicho umekificha?"

"Weka chini."

"Nipe nusu saa tu."

"Nusu saa ya nini?"

"Nione ndani. Si sheria yako mwenyewe?"

"Hii siyo redio, mwanangu."

"Na redio uliniambia siyo pasi. Ikaimba au haikuimba?"

Iliimba, nitasemaje? Nikamwambia basi, Jumapili duka likiwa limefungwa, tutatandika kitambaa mezani, afungue nikiwepo, na jioni Kamanda akija nimpe jibu. Dada yake mkubwa, ambaye anafanya usafi zahanati, aliposikia alisema, "Mama, mimi Jumapili sipo," na hakusema anakwenda wapi, akahamisha na mto wake.

Sasa naomba unijibu, je, ninunue au nisinunue? Je, mtoto kuifungua ni vibaya wakati risasi zote ziko mfukoni kwa Kamanda? Na je, mwanamke kama mimi akiwa nayo chini ya kaunta mikono itaacha kutetemeka? Namba yangu ya simu mpya nimeiandika nyuma ya bahasha. Ni mimi mama mwenye duka, nasubiri.

Mshauri anajibu:

Mama Bisibisi, barua yako niliisoma asubuhi, nilipofika kwenye lile neno "chuma kitupu" nikaacha chai yangu nikakupigia simu. Wasomaji wengine nao waelewe: barua nyingi zinaweza kusubiri zamu yake gazetini, hii haikuweza.

Ulipopokea nilikuambia usipande kiti, usiguse sufuria, funga mlango wa chumba na ukae na ufunguo. Kisha nikakuuliza swali moja: nyuma ya kile kioo cha kabati kuna nini? Ukaniambia ukuta wa mbao. Nikakuuliza, na nyuma ya ukuta? Ukasema, "Kitanda cha Bisibisi."

Ndiyo, mama. Pale uliponyoosha mkono ukidai pasi yako, ulikuwa umemnyooshea mwanao.

Wewe mwenyewe ulipiga simu kituo cha polisi, nakusifu kwa hilo, kwa sababu ulikuwa unaogopa kukamatwa na bado ukapiga. Alikuja askari mwanamke pamoja na Kamanda. Uliniambia aliielekeza bastola pembeni, akavuta nyuma kile kipande chake cha juu, na risasi moja ikadondoka kwenye zulia. Kamanda akakaa kitandani bila kukaribishwa. Mlinzi wa miaka yote hiyo! Kuchomoa magazini kunatoa risasi zilizomo ndani ya magazini. Iliyokwisha kupanda kwenye mtutu hubaki palepale ikingoja kidole cha kwanza, na kidole hicho Jumapili kingekuwa cha mtoto wako, juu ya kitambaa, nawe umekaa mbele yake unamtazama kwa fahari.

Sasa kibali cha Kamanda kimezuiliwa, bastola iko kituoni, nawe umeandika maelezo na kuonywa. Nilidhani yameisha. Lakini jana ulinipigia tena, na nayaandika maneno yako kama yalivyo: "Mshauri, sasa si ile moja imeshatoka? Si ndiyo imekuwa salama? Ninunue?"

Mama yangu! Nilicheka, kisha nikakasirika, kisha nikakuonea huruma, yote kwa pumzi moja.

Usinunue.

Ulimuuliza Kamanda kwa nini anaiuza, na alikujibu wazi, ila masikio yako yalikuwa yanasikiliza bei. Binti yake ameishi na chuma hicho tangu utotoni, anakijua kuliko wewe na mimi, na amekikataa mlangoni kwake. Majaribio yake yalikuwa ya miaka mingi, yako yalikuwa ya siku chache. Na binti yako mkubwa naye alikupa jibu alipobeba mto. Watu wawili wamekikataa kitu kilekile, wewe unauliza kama kinafanya kazi.

Unauliza kama mikono itaacha kutetemeka. Haitaacha. Mkono unaotetemeka ukishika pasi, ukiushikisha bastola utatetemeka vilevile, tofauti ni nani atakayeumia. Na yule kijana alikuja ukiwa umeinama. Ungeitoa lini hiyo bastola, kabla hujachomeka waya au baada ya kisu kufika sikioni? Angeondoka na pasi, simu na bastola, na angekushukuru mara tatu.

Ule udadisi wako siulaumu, ndio uliokufanya uandike badala ya kununua kimyakimya. Lakini sheria yako ya wiki nzima ina mpaka, na ni wewe wa kuuweka. Kuna vitu ambavyo kuviingiza ndani tu ni kosa, hata kama hujalipa, hata kama umevifunika, hata kama mwenyewe ameapa. Silaha bila kibali ni kimojawapo. Mtu akikuambia tena "tutakifuatilia mbele ya safari", mwonyeshe mlango.

Fanya haya, na uanze leo. Uliniambia soketi ya kujaribia vyombo iko chini ukutani, karibu na sakafu, ndiyo maana unainama ukimpa mteja mgongo. Bisibisi aihamishie juu ya kaunta, kwa usimamizi wa fundi umeme anayeeleweka, ili ujaribu pasi ukiwa umesimama na unamtazama mtu usoni. Kaunta nayo igeuze ikabili mlango. Wekeaneni kengele na mwenye duka la jirani, mtu akiingia peke yake mchana aliyepata mgeni aipige, na mwenzake aje kuchungulia. Ni vitu vidogo, najua, having'ai. Kutetemeka kwenyewe kapeleke zahanati anakofanya kazi binti yako, waambie mambo ya kisu kama ulivyoniambia mimi, bila kusingizia mgongo. Huo ni ugonjwa unaotibika na si aibu.

Mume wako akirudi, mweleze yote kabla hajavua viatu. Moyo ulikupiga ile jioni kwa sababu ulimjibu alichouliza ukamficha alichohitaji kujua. Atapiga kelele. Mwache apige, ana haki yake.

Halafu Bisibisi. Usimfokee kwa kutaka kufungua, wewe ndiye uliyempa ruhusa, na mtoto aliyefundishwa kufungua kila kitu hana kosa akifungua. Mketishe, mwambie risasi ilikuwemo. Usilainishe, usimwambie "ingeweza kuwemo". Ilikuwemo. Mwambie mama alikosea. Halafu nyamaza, mwache aulize maswali yake yote, hata mkikesha, na lile usilolijua mjibu hivyohivyo kwamba hulijui.