Ngazi Ndani ya Tangi la Kanyangi

Jumatatu, 7 Septemba
Makomredi wa kiu! Ndivyo ningewaanzia wanakijiji, mimi mwanafunzi wa chuo, lau wangenisikiliza. Asubuhi tena foleni, mitungi mikavu, mfereji unakohoa hewa. Simu ya mwenyekiti wa maji, Mzee Kyalo, inaonyesha tangi limejaa. Basi wameamua kwamba Mama Mwende, mwuzaji wa kioski cha maji, ndiye anayefunga maji. Jirani yake akainama dirishani: "Tangi imejaa, mama. Kwani wewe unaoga mara ngapi?" Wakacheka. Yeye akaendelea kupangusa meza.

Jumatano, 9 Septemba
Wamemtoa Mama Mwende kwenye mwethya, kikundi chetu cha kulimiana kwa zamu. Hakuna jembe la jirani litakaloingia shambani mwake. Ni mjane, mitaro yake ya fanya juu, inayozuia udongo usichukuliwe na maji, imebomoka, na mvua ni mwezi ujao. Salamu zake haziitikiwi tena. Walioinua mikono kumfukuza ndio hao wanaoomba kwa sauti kuu kila Jumapili. Nawachukia.

Ijumaa, 11 Septemba
Nimepanda tangi. Maji hayafiki goti.

Kihisi kinachoipa simu ya mwenyekiti vipimo kimefungwa juu; hutuma sauti isiyosikika na kungoja irudi kutoka majini. Ikirudi upesi, maji yako juu. Lakini wanamwethya, walipojitolea kuosha tangi, walichomelea ngazi ya chuma ndani, chini ya kihisi kabisa. Sauti inagonga kipago cha juu na kurudi. Simu inasoma "limejaa", pampu haiwashwi. Wamemhukumu mwanamke kwa ushahidi wa ngazi yao wenyewe.

Jumapili, 13 Septemba
Nimekihamishia kihisi katikati ya tangi. Mwangwi wa chuma bado ulikuwapo, hafifu. Nikakifundisha kuutambua na kuupuuza. Simu ya mwenyekiti ikashuka hadi karibu na sufuri.

Baada ya ibada niliwaeleza habari ya ngazi, kisha nikahutubu. Niliwaita mahakimu wa kiu, mafundi wa dhuluma, watu wanaoamini chuma kuliko uso wa jirani. Nilihutubu vizuri mno. Mzee Kyalo alinisikiliza hadi mwisho, kwa upole.

"Asante, mwanafunzi. Mashine umerekebisha. Lakini mambo ya huyo mama, sisi tulishaongea."

Hakuna aliyepinga. Kumbe hawakukosa ukweli. Hawakuwa na haja nao.

Jumatatu, 14 Septemba
Pampu imewashwa. Maji tele. Kioskini ameketi mpwa wa mwenyekiti. Mama Mwende alipanga foleni kama wengine. Mtungi wake ukasukumwa nyuma, ukasukumwa tena, hadi ukawa wa mwisho. Wanakunywa maji niliyowarudishia, na wanamcheka. Ningeweza kuipasua ile pampu.

Jumanne, 15 Septemba
Nimekwenda kwa Mama Mwende na jembe la baba. Aliitazama mikono yangu.

"Hiyo itatoka malengelenge."

Imetoka. Tumechimba hadi jua likawa kali, mtaro mmoja, haujafika nusu. Barabarani watu walipita wakitazama mbele.

Mwethya unaendelea kesho, saa kumi na mbili asubuhi, mtaro wa juu. Tuko wawili.